Leopold wa Pili: Mfalme Aliyetafuta Nili, na Zahabu ya Kilo

Katika ukurasa huu tunazoea kueleza maisha ya watu waliotutangulia. Leo tunaleta maisha ya mtu ambaye hakuna mmoja wetu atakayemwita mzee wake, lakini mambo yake yameingia katika kila jamaa hapa kwetu. Ni Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Kijana mmoja alituuliza nyuma ya ibada kama ni kweli kwamba zamani mtu mmoja tu alikuwa mwenye Congo yote, kama vile baba anavyokuwa mwenye shamba lake na mbuzi zake. Tulimjibu kwamba ni kweli. Hakusadiki, na ndiyo sababu tunaandika.

Leopold alizaliwa Bruxelles tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka 1835. Ubelgiji wenyewe ulikuwa bado mtoto, maana ulipata uhuru mwaka 1830, na baba yake ndiye alikuwa mfalme wa kwanza. Ni inchi ndogo. Mkoa wetu wa Ituri peke yake unaipita kwa ukubwa zaidi ya mara mbili. Na mfalme wake hakutawala apendavyo, kwa sababu bunge na mawaziri walishika mambo mengi. Kijana huyu aliona jambo hilo kuwa haya. Walimwoza mwaka 1853 kwa binti wa jamaa ya wafalme wa Austria, ndoa isiyokuwa na furaha, naye akajitupa katika safari na hesabu. Mwaka 1862 alikwenda Sevilla, katika Hispania, akakaa akisoma barua za zamani kusudi ajue Wahispania walipata faida gani katika inchi walizoziteka ng'ambo ya bahari. Kiisha akatembea mpaka Misri, India na China. Inchi iliyompendeza zaidi ilikuwa Java, kisiwa ambacho Waholanzi walitawala wakati ule. Huko wenyeji walilazimishwa kulima kahawa na miwa, na faida ikalipa madeni ya Uholanzi. Leopold aliona namna ile, akaiweka moyoni.

Baba yake alikufa, naye akaapishwa kuwa mfalme tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1865. Tangu hapo alitafuta koloni kama mtu anayetafuta kiwanja cha kununua. Aliulizia visiwa vya Filipino kwa Wahispania, ikashindikana. Wabelgiji wenyewe hawakutaka koloni, waliona ni hasara. Basi akaona kwamba atafute kwa jina lake mwenyewe, na kwamba asiseme wazi anatafuta nini.

Hapa tunawaomba wasomaji wetu wasipite haraka. Mwezi wa 9 mwaka 1876 aliwaita Bruxelles wasafiri na wataalamu wa inchi mbalimbali, akawakaribisha katika jumba lake, akawaeleza habari za elimu, na kukomesha biashara ya watumwa, na kuwafungulia watu wa Afrika njia ya maendeleo. Wakaunda shirika lenye bendera ya buluu na nyota moja ya rangi ya zahabu. Watu wengi wema walitoa feza zao. Hatusemi kwamba biashara ya watumwa ilikuwa uongo. Wazee wetu waliijua vema. Tunasema kwamba mtu alishika jambo la kweli akalifanya kuwa mlango wa kuingilia.

Mwaka uliofuata, 1877, Stanley alifika Boma kisha kuvuka Afrika toka mashariki hadi magharibi. Leopold akamtafuta, akamwandika kazi. Toka mwaka 1879 mpaka 1884 Stanley alipasua njia na kujenga vituo kandokando ya mto, na watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Nyuma yake jina hilo likawa la serikali yenyewe, na wazee walilitaja kwa hofu. Yeye na wenzake waliwapa machifu vitambaa na vitu vidogo, wakawaonyesha karatasi za lugha wasiyoisoma, nao wakatia alama ya msalaba. Ndani ya karatasi zile chifu alitoa udongo, na katika nyingi alitoa hata kazi ya watu wake. Chifu alidhani anafanya urafiki na mgeni.

Kwa nguvu ya karatasi zile, Leopold alipewa kibali na Marekani mwaka 1884, kiisha na mataifa ya Ulaya wakati wa mkutano wa Berlin, uliokwisha tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1885. Hakuna mtu mweusi aliyekaa katika mkutano ule. Basi Congo ikawa mali yake, si ya Ubelgiji, bali yake. Aliiita Dola Huru. Ilikuwa kubwa kuliko Ubelgiji zaidi ya mara 70. Katika mwaka ule ule wa 1885 akatoa amri kwamba kila udongo usiokaliwa ni wa serikali. Ninyi mnaojua kulima mnafahamu maana yake: shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, mahali pa kuokota uyoga na kuni, vyote vikahesabiwa kuwa havina mwenyewe. Katika mahubiri tunamtaja sana Ahabu na shamba la mizabibu la Naboti. Lakini shamba lile lilikuwa karibu na jumba la Ahabu, alikuwa akiliona. Huyu wetu hakukanyaga Congo hata siku moja mpaka kufa.

Sasa tufike kwetu. Leopold hakutosheka na mto Congo, alitaka na mto Nili, mto wa mafarao aliouona Misri akiwa kijana. Na ukitoka Kisangani kwenda Nili, njia inapita Ituri. Mwaka 1887 Stanley alirudi, safari hii kumwokoa Emin Pasha, liwali wa Misri aliyefungiwa na vita karibu na ziwa Albert. Leopold alidai msafara upite Congo, ingawa njia ya mashariki ilikuwa fupi, kwa kuwa alitaka Emin amshikie inchi ile ya Nili kwa jina la Dola Huru. Stanley aliingia katika pori kubwa la Ituri mwezi wa 6 na watu wa Unguja waliochukua mizigo, akatokea kwenye majani na kuona ziwa mwezi wa 12. Njaa, mishale na vidonda viliwamaliza wengi, na vijiji vilivyokuwa njiani vilipoteza chakula na nyumba. Emin alikataa maneno ya Leopold. Katika mwaka ule ule wa 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani, kwa mshahara wa kila mwezi. Ndiye yule yule aliyewaambia watu wa Ulaya kwamba anakomesha utumwa.

Mwaka 1894 akapatana na Waingereza wamkopeshe Lado, kipande cha inchi kando ya Nili toka Mahagi kwenda kaskazini, kiwe chake siku zote za maisha yake. Kiisha akatuma majeshi. Chaltin alipita Uele akashinda Rejaf mwezi wa 2 mwaka 1897. Baron Dhanis alipitisha jeshi kubwa zaidi katika pori la Ituri, na askari wake, wengi wao Batetela, walichoka kwa njaa na viboko. Katika mwezi ule ule, kule Ndirfi, waliwageukia maofisa wao wakawaua, wakarudi kusini katika pori wakiwa na bunduki zao. Vita ile iliendelea miaka. Majeshi ya mfalme yalipita upande wetu yakitazama Nili tu, na mali iliyokuwa chini ya vilima vyetu hakuna aliyeiona.

Feza ya majeshi ilitoka wapi? Kwanza ilitoka kwa pembe za tembo, kiisha kwa mpira wa porini, maana tangu mwaka 1888 magurudumu yenye hewa yalianza kutengenezwa Ulaya na mpira ukatafutwa sana. Kila kijiji kiliandikiwa kilo zake. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mpira. Askari alipaswa kuonyesha kwamba risasi haikupotea, ndipo mikono ya watu ikakatwa, hata ya walio hai. Hatutaongeza mengi, tunajua watoto wanasomewa ukurasa huu. Watu waliokufa kwa risasi, kwa njaa, kwa malale na kwa kukimbilia porini walikuwa mamilioni.

Mtu aliyefunua jambo hili hakuwa na bunduki, alikuwa mwandishi wa kompani ya meli, jina lake Morel. Pale bandarini Antwerpen aliona meli zinatoka Congo zimejaa mpira na pembe, na zinaporudi zinachukua bunduki, risasi na askari, karibu hakuna bidhaa. Akafahamu kwamba mpira ule haununuliwi. Toka hesabu ile alianza kuandika. Mwaka 1904 Casement, konsuli wa Waingereza, akatoa ripoti ya yale aliyoyaona mtoni, na tume iliyowekwa na Leopold mwenyewe ikayahakikisha mwaka 1905.

Wakati ule feza ya mpira ilikuwa inajenga Bruxelles. Mwaka 1905 alifungua tao kubwa la mawe. Alinunua viwanja na majumba upande wa kusini wa Ufaransa. Mwaka 1897 alileta Wacongo 267 katika maonyesho ya Tervuren, wakae katika vibanda wakitazamwa. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako huko kando ya kanisa.

Na madini? Alikuwa ameshindania Katanga na Mwingereza Cecil Rhodes. Wajumbe wa Leopold walimwua chifu Msiri mwaka 1891 na inchi ikabaki kwake. Mwaka 1906 aliunda kwa wakati mmoja kompani tatu, ya shaba ya Katanga, ya misitu na madini, na ya reli. Kwetu, mwaka 1902, alipatana na baron Empain ajenge reli toka Stanleyville mpaka Mahagi. Reli ile hatujaiona. Lakini mwaka 1903 watafuta madini wawili toka Australia, Hannan na O'Brien, waliokuwa katika kazi ya Dola Huru, waliosha mchanga wa mto Agola karibu na Kilo, wakaona zahabu. Uchimbaji ulianza mwaka 1905. Mfalme alikuwa na miaka 70.

Hakuila sana. Makelele ya dunia yalizidi, na Ubelgiji ukaichukua Congo tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1908. Mbele ya kuitoa, aliamuru karatasi za Dola Huru zichomwe, na majiko ya jumba lake yaliwaka siku nane. Wacongo hawakuulizwa neno. Mfalme aliahidiwa franga milioni 50 kuwa asante kwa juhudi zake, na milioni 45 na nusu za kumaliza majengo yake, tena feza hiyo kwa sehemu kubwa ilipaswa kutoka Congo. Tulisoma hesabu hii mara mbili tukidhani tumekosea.

Alikufa Laeken tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1909, siku ile ile aliyoapishwa, nyuma ya miaka 44. Mtoto wake wa kiume aliyetegemewa alikuwa amekufa mwaka 1869 akiwa na miaka tisa, na tangu hapo moyo wake ulikauka. Binti zake alitaka kuwanyima urithi, wakashitaki. Mwanamke aliyemchukua akiwa na miaka 16 alimwoa kanisani siku chache mbele ya kufa. Siku ya maziko watu wa Bruxelles walizomea sanduku lake. Mwezi wa 6 mwaka 1910 Waingereza wakaichukua Lado, na Nili yote aliyoitamani ikatubakizia ukanda mdogo wa Mahagi na bandari yake.

Kilo ilibaki. Serikali ya Wabelgiji ikaendelea mahali alipoachia, machifu wakaagizwa kutoa watu wa mashimo, wapagazi na chakula: Wanyali, Walendu, Wahema, Wabira, Waalur, bila kuchagua. Mwaka 1926 ikawa kompani, mwaka 1966 ikawa ya serikali yetu. Katika miaka ya 2002 na 2003 vikundi vyenye silaha vilipigania Mongbwalu, na wengine kati yetu tulizika ndugu zetu wakati ule. Mwezi wa 6 mwaka 2020 mfalme Philippe, wa jamaa ile ile, aliandika kwa rais wa Congo kwamba anasikitika juu ya majeraha ya wakati ule, akayarudia Kinshasa mwaka 2022.

Kijana aliyetuuliza yuko Mongbwalu sasa, anaosha mchanga. Alituambia kwamba mwenye shimo si yeye, na mwenye shimo naye ana mkubwa wake mjini ambaye hajamwona. Akirudi kwa Noeli tutamsomea ukurasa huu.