SEFU BIN HAMED NA ALAMA ALIZOZIPITA



Ijumaa hii tunamkumbuka Sefu, mtoto wa Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yule tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, ambaye misafara yake ya pembe na watumwa ilivuka ziwa letu hili.

Mwaka 1886 Waarabu na Wangwana waliwafukuza wazungu wa Mfalme Leopold kwenye kituo cha Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Tippu Tip hakulewa ushindi ule. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa serikali hiyo hiyo, kisha akarudi Unguja, akamwacha Sefu Kasongo.

Ewe msomaji, hesabu alama alizoonyeshwa. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, jemadari aliyewapigania Waarabu, alishindwa na askari wa afisa Dhanis, akahamia upande wao. Hiyo ni moja. Askari wale walikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, na watu wengi wa Sefu walishika magobore. Hiyo ni mbili. Baba yake mwenyewe hakurudi kupigana. Hiyo ni tatu.

Sefu akadai arudishiwe Ngongo. Novemba 1892 jeshi lake likavuka mto Lomami, likapigwa, na wengi wakafa maji wakikimbia. Baadaye maafisa wawili Wabelgiji waliokuwa Kasongo wakauawa, mlango wa sulhu ukafungwa. Machi 1893 Nyangwe ikaanguka, Aprili Kasongo. Oktoba Sefu akafa vitani. Rumaliza wa Ujiji, aliyekuja kusaidia, alikimbia Januari 1894.

Je, hakuwa na akili? Alikuwa nayo, na ndiyo iliyomtafutia hoja. Serikali ilikuwa inawanyang'anya pembe: kweli. Watu wake walikuwa wengi: kweli. Walikwisha kuwashinda wazungu zamani: kweli. Lakini kuwa na la kulalamikia si kuwa na nguvu za kushinda, na wengi ambao vijiji vyao viliteketezwa kutafuta watumwa walikuwa upande wa adui.

Ndugu yangu, usimcheke Sefu. Unafika bandarini, unaona mtumbwi umejaa kupita kiasi na upepo umeanza, unasema: wiki iliyopita tulifika salama. Kijana anaitwa msituni kushika silaha, anasema: fulani alikwenda akarudi. Kusalimika jana si dhamana ya leo.

Basi nafsi ikikuletea hoja nyingi kwa haraka, simama. Mwulize mtu asiye na faida katika jambo hilo, naye akikukataza, usimtafute mwingine wa kukuruhusu. Aliyevuka vibaya hakuzama peke yake.

Allah atupe macho ya kuona na moyo wa kukubali tunachokiona. Amin.