Mchungaji Oberlin na Bustani za Watoto

Wachungaji wengi wa zamani hukumbukwa kwa ajili ya mahubiri yao au vitabu vyao. Leo tunataka kuwaeleza habari za mchungaji mmoja wa Kilutheri ambaye hukumbukwa pia kwa ajili ya viazi, miti ya matunda na bustani. Jina lake ni Johann Friedrich Oberlin. Twadhani kwamba habari zake zawafaa hasa wainjilisti na walimu wa vijijini, maana shida alizozikuta hawatazishangaa.

Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, katika nchi ya Alsace, iliyo upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu. Yeye mwenyewe alisoma elimu ya Mungu katika chuo cha mji ule, na alikuwa karibu kwenda kuwa mchungaji wa askari. Ndipo akajiwa na Mchungaji Stuber, aliyekuwa akitafuta mtu wa kushika kazi yake huko milimani, mahali paitwapo Ban de la Roche. Oberlin akakubali. Mwaka 1767 akahamia kijiji cha Waldersbach, akiwa na umri wa miaka 26, akakaa huko miaka 59, hata siku ya kufa kwake.

Usharika ule ulikuwa na vijiji vitano: Waldersbach, Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach. Baridi ya milima ile ni kali, na udongo ni haba juu ya mawe. Njia njema ya kushukia bondeni haikuwako. Viazi vya Ulaya ndivyo vilivyokuwa chakula kikubwa cha watu, lakini mbegu yake ilikuwa imechoka, hata mashamba yakazaa kidogo tu. Matunda yao yalikuwa ya miti ya mwitu, machachu na madogo. Stuber alikuwa amekwisha kuanza kazi ya shule, lakini umaskini ulikuwa bado mwingi.

Basi Oberlin akaanza kusema na watu habari za kulima vizuri, nao hawakumsikiliza. Waliona kwamba mtu wa mjini, aliyelelewa kwa vitabu, hana la kuwafundisha wao waliozaliwa shambani. Yeye hakushindana nao kwa maneno. Alikuwa na viwanja viwili vilivyopitiwa na njia ya watu wote. Akashika jembe pamoja na mtumishi wake, akachimba mitaro ya kwenda chini sana, akaijaza udongo mwema, akapanda miche ya matofaa, mapeasi na matunda mengine ya nchi za baridi. Watu wakapita kila siku wakitazama. Miti ilipostawi mahali walipodhani hapafai kitu, wakaanza kumwuliza imekuwaje. Hapo ndipo walipokuwa tayari kufundishwa. Akawaonyesha jinsi ya kuunganisha tawi la mti mwema juu ya shina la mti wa mwitu. Akaleta mbegu mpya ya viazi kutoka nchi nyingine, ikazaa sana. Akawafundisha pia kuozesha majani na takataka ziwe mbolea. Hata watoto aliwapa senti kidogo ili wakusanye matambara ya sufu na viatu vikuukuu, wavikatekate na kuvichanganya katika mbolea ile.

Kwa habari ya watoto twapenda kukawia kidogo. Wazazi walipokwenda mashambani, wadogo waliachwa nyumbani bila mtu wa kuwaangalia. Katika kijiji cha Belmont msichana mmoja, jina lake Sara Banzet, alikuwa akiwakusanya na kuwafundisha kufuma. Oberlin na mkewe, Madeleine-Salomé, wakaona kwamba kazi hii ni njema, wakaitegemeza na kuieneza katika vijiji vingine. Baadaye Louise Scheppler, msichana wa Bellefosse aliyeingia katika nyumba ya mchungaji akiwa bado kijana, akawa mwalimu mkuu wa kazi hiyo. Wengi huzihesabu shule hizi kuwa miongoni mwa shule za kwanza za watoto wadogo katika Ulaya yote.

Watoto hao hawakufungiwa ndani mchana kutwa. Walimu waliwatoa nje, wakawafundisha majina ya mimea kwa kuiona na kuishika. Walijifunza mmea upi wafaa kuliwa, upi ni dawa, na upi una sumu. Wakubwa zaidi walitafuta mimea porini, wakaipanda katika vibustani vyao wenyewe, wakaichora na kuitia rangi. Hivyo mtoto aliyekuwa shuleni asubuhi aliweza kumwonyesha mama yake jioni kitu cha kutia chunguni.

Tena Oberlin aliweka sharti ambalo labda litawashangaza wasomaji. Kijana aliyetaka kupokea kipaimara ilimpasa kuleta hati ya kushuhudia kwamba amepanda miti miwili. Kwake huu haukuwa mchezo, wala hakuona kwamba analeta mambo ya dunia kanisani. Aliona kwamba mtu asemaye ampenda jirani yake na apande mti ambao jirani na wajukuu watakula matunda yake.

Kazi hiyo ilijaribiwa na taabu. Mwaka 1783 mkewe alifariki, akamwachia watoto, na Louise akawalea. Yakaja mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1794 Oberlin alikamatwa, lakini hakukaa kifungoni siku nyingi. Kisha mwaka 1816 majira ya joto hayakuwa na joto katika Ulaya, kwa sababu ya majivu ya mlima Tambora wa Indonesia, uliolipuka mwaka 1815. Mavuno yakaharibika, na njaa ikawa kali katika nchi nyingi. Watu wa Ban de la Roche nao walipata dhiki, lakini hawakuwa tena kama baba zao: walikuwa na mbegu njema ya viazi, na maarifa waliyojifunza tangu utoto. Mwaka 1818 chama kikuu cha kilimo cha Ufaransa kilimpa Oberlin nishani ya dhahabu.

Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akazikwa Fouday. Louise aliendelea na kazi hata alipofariki mwaka 1837. Jina la Oberlin lilivuka bahari: mwaka 1833 mji na chuo katika Ohio, Marekani, viliitwa kwa jina lake.

Oberlin hakujua neno vitamini, maana lilitungwa mwaka 1912. Sisi twajua kwamba majani mabichi ya kijani na matunda ya rangi ya manjano hulinda macho ya mtoto, na kwamba kunde na karanga hujenga mwili wake. Hata hivyo mtoto aweza kuyasoma hayo yote ubaoni, kisha arudi nyumbani kula ugali mtupu kila siku. Kwa hiyo twawasihi walimu na wainjilisti: tengeni kipande kidogo karibu na shule, mahali ambapo wazazi hupita. Pandeni mchicha, kunde na mipapai. Kila mtoto na awe na tuta lake, ale alichokipanda, na achukue mbegu kwenda kwao. Wazazi wakicheka mwaka wa kwanza, msijibizane nao. Mwagilieni maji, na kungojea siku watakapouliza.