Abdurrahman bin Auf: Tajiri Aliyejitoa Katika Ukubwa

Sayyidna Abdurrahman bin Auf (R.A.) alihajiri kutoka Makka mwaka 622, akafika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii, aliyefanywa nduguye na Mtume (S.A.W.), alimtolea nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akauliza soko liliko. Akaanza na jibini na samli, hata akawa katika matajiri wakubwa.

Mwaka 644 Sayyidna Umar, akiwa katika kufa, aliwateua watu sita wachague khalifa miongoni mwao. Abdurrahman alijitoa, kisha akashika kazi ya kuwauliza watu usiku na mchana, mpaka akampa Sayyidna Uthman mkono wa baia.

Nasi tunaogombania viti vya vyama vyetu, tujiulize: nani kati yetu yu tayari kukiacha kiti ili shauri litengenee?