Baba aliuza mlio, mwana akauza ukimya

Lori linalopanda vilima vya Rusumo huku ekzosi imetoboka husikika muda mrefu kabla halijaonekana. Kinachokosekana hapo ni sailensa, kifaa ambacho historia yake inamgusa mtu ambaye jina la ukoo wake liliwahi kutisha watu wa ukanda huu kwa sababu nyingine kabisa.

Hiram Percy Maxim alizaliwa Brooklyn, New York, Septemba 2, 1869. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha iliyoitwa kwa jina lake. Bunduki hiyo ilifika Buganda na Kapteni Lugard, ikatumika katika mapigano ya Mengo, Januari 1892. Mzee mwenyewe mlio wa silaha zake ulimharibu masikio, akazeeka kiziwi. Mwaka 1881 alikwenda Ulaya na hakurudi kuishi na familia yake, hivyo kijana alilelewa na mama.

Percy alihitimu chuo cha ufundi cha MIT mwaka 1886, kabla hajatimiza miaka 17. Akaajiriwa katika kiwanda cha makombora mjini Lynn. Usiku mmoja wa mwaka 1892, akirudi kwa baiskeli kutoka Salem, alichoka kunyonga pedali akawaza kuiwekea injini ndogo. Hakujua kwamba Ujerumani tayari kulikuwa na watu waliokwisha kuunda magari. Alianza na ganda tupu la risasi ya mzinga: akatia matone ya petroli, akaziba kwa kizibo cha mti, akawasha kiberiti. Mlipuko uliofuata ulimfundisha kwamba petroli ina nguvu kuliko alivyodhani.

Mwaka 1895 aliingia kampuni ya Pope huko Hartford, iliyotajirika kwa baiskeli. Wakubwa wake waliamini zaidi gari la umeme, na sababu mojawapo ni kwamba halikupiga kelele. Injini ya petroli ilikuwa ikitisha farasi barabarani, na farasi aliyeshtuka akiwa na mkokoteni ni hasara kwa mwenye mali.

Kelele ya injini hutokana na gesi yenye shinikizo kubwa kufunguliwa ghafla hewani, jambo lile lile linalotokea mdomoni mwa bunduki. Maxim hakuwa wa kwanza kutafuta dawa. Ndugu wawili wa ukoo wa Reeves, wa Indiana, walipata hataza ya sailensa ya gari mwaka 1897. Yeye alichoongeza ni mzunguko. Inasimuliwa kwamba aliutazama mkondo wa maji ukizunguka katika tundu la bafu, akaona kwamba gesi ikilazimishwa kuzunguka ndani ya vyumba vidogo itapoteza kasi na joto, kisha itoke polepole. Machi 30, 1909 alipata hataza ya sailensa ya bunduki, na kanuni hiyo hiyo akaifanyia kazi kwenye ekzosi za magari.

Ugumu uko hapa. Ukibana sana, injini inakabwa, nguvu inapungua na mafuta yanaliwa zaidi. Ukilegeza, kelele inarudi. Ndiyo maana wapo madereva wanaong'oa sailensa wakidhani wamepata nguvu ya bure, wakati wanachokipata kwa hakika ni mlio tu.

Biashara ya bunduki haikumpa amani. Wengi waliona kifaa hicho kama rafiki wa wauaji na wawindaji haramu, na mwaka 1934 serikali ya Marekani ikakitoza kodi ya dola 200 kimoja kimoja. Kufikia hapo kampuni yake ilikuwa imekwisha kugeukia mitambo: sailensa za injini za dizeli na za viwandani, hata kifaa cha dirishani cha kuzuia makelele ya mtaani. Wateja wa namna hiyo hawakuhitaji kibali cha mtu.

Jioni zake alizitumia kwenye redio. Mwaka 1914 alianzisha na Clarence Tuska chama cha warushaji wa redio wasio wa kibiashara, ambacho kipo hadi leo. Februari 1936 aliugua koo akiwa safarini kuelekea magharibi, akashushwa kwenye treni La Junta, Colorado, akafa tarehe 17. Kampuni iliendelea kutengeneza sailensa.