Stu Ungar: Mfalme wa poka aliyemalizwa na dawa ya kukesha

MEI 1990, Las Vegas, Marekani. Siku ya tatu ya mashindano makubwa kuliko yote ya poka duniani, World Series of Poker, kiti cha mchezaji aliyekuwa na mtaji mnene kilikuwa kitupu. Chipu zake, vile vidude vya plastiki vinavyosimama badala ya fedha, zilikuwa zimepangwa mezani kama maghorofa, lakini mwenyewe hayupo. Walipokwenda kumwangalia chumbani hotelini wakamkuta sakafuni, hajitambui. Alikuwa amezidisha dawa za kulevya.

Sasa sikia maajabu. Poka haimsubiri mtu. Wachezaji wa meza hukatwa kiasi cha lazima kwa zamu, uwepo usiwepo. Basi waandaaji wakawa wanamega chipu zake kidogo kidogo huku kiti kikiwa wazi. Jamaa hakugusa karata tena, na bado akamaliza wa tisa kati ya wachezaji 194 na kuvuna zaidi ya dola 25,000. Kwa lugha yetu ya soka, ni kama timu inayoongoza ligi iache kutokea uwanjani mechi zote za mwisho, halafu bado imalize ndani ya kumi bora.

Huyo ndiye Stuart Ungar, au Stu kwa waliomzoea. Alizaliwa Septemba 8, 1953 jijini New York, mitaa ya Lower East Side, ambako baba yake alikuwa na baa iliyokuwa pia kijiwe cha kamari. Kwa hiyo usishangae. Mtoto wa mvuvi anajua ngalawa, yeye alijua karata. Akiwa na miaka 10 tu alishinda mashindano ya gin rummy, mchezo wa karata wa watu wawili unaotaka kumbukumbu kali: lazima ujue kila karata iliyotupwa na ukisie mwenzako ameshika nini. Siyo lasti kadi ya kijiweni, hii.

Mwaka 1967 baba akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Mama naye akapata kiharusi. Kijana akaacha shule na kuanza kuilisha familia kwa karata, akilindwa na wakubwa wa magenge ya New York. Harry Stein, aliyehesabika miongoni mwa mabingwa wa gin, alikutana naye akapigwa michezo 86 kwa 0. Ndiyo, umesoma sawasawa. Baada ya hapo kila mtu akaingia mitini. Nani aweke fedha zake mezani kwa mtu wa namna hiyo?

Alipohamia Las Vegas mwishoni mwa miaka ya 1970, hali ikawa ile ile. Mwaka 1977 aliweka dau la dola 100,000 na Bob Stupak, tajiri wa kasino. Pakiti sita za karata zichanganywe, zikifika nusu Ungar ataje zilizobaki. Akashinda. Kichwa kile kilikuwa kamera. Kasino nazo zikaanza kumfungia milango kwenye meza za blackjack, maana kucheza na mtu anayekumbuka kila karata ni sawa na kugawa mshahara.

Ndipo akageukia poka. Mwaka 1980 aliingia World Series akiwa na miaka 26, kwenye aina ya poka ambayo ndiyo kwanza alikuwa anaijifunza. Fainali akamkuta Doyle Brunson, bingwa mara mbili, mtu mzima aliyekuwa ameshaandika kitabu cha mchezo wenyewe. Akampiga. Mwaka 1981 akarudi na kutetea taji, safari hii mbele ya Perry Green. Taji hilo la pili nusura asilicheze kabisa, maana mzee Benny Binion, mwenye kasino ya Horseshoe, alikuwa amempiga marufuku kwa kumtemea mate mgawa karata. Mtoto wa mzee, Jack, ndiye aliyemwombea msamaha.

Nidhamu? Sifuri. Hapa ndipo ilipo habari yenyewe. Mwaka 1979 mama yake alifariki, na kipindi hicho hicho Ungar akaanza kutumia kokeini. Hakuanza kwa starehe za disko. Wachezaji wenzake ndio waliomshauri, kwamba ukivuta unakesha. Ukicheza poka ya fedha nyingi unaweza kukaa mezani siku nzima, usiku mzima, na kesho yake tena. Anayesinzia ndiye anayeliwa. Kokeini ikawa kwake kama boots kwa mchezaji wa mpira, kifaa cha kazi. Si kidonge cha kuandikiwa na daktari, lakini aliitumia kama vile wengine wanavyotumia vidonge vya kukodoa macho: dozi kabla ya kazi, dozi katikati ya kazi. Tatizo la dozi hii ni kwamba kazi ikiisha, yenyewe haiishi.

Na nani wa kumzuia? Sisi wa mpira tunajua habari ya kupimwa mkojo. Diego Maradona alifungiwa miezi 15 mwaka 1991 kwa kokeini akiwa Napoli, halafu 1994 akaondolewa Kombe la Dunia kwa efedrini. Ilimuuma dunia nzima ikiona, lakini angalau kulikuwa na mtu mwenye kichupa anayemsubiri nje ya uwanja. Ungar hakuwa na mtu huyo. Mezani kwake hakuna refa wa kuuliza kwa nini pua inavuja. Mimi nadhani hilo lilimwangusha kuliko kokeini yenyewe: alikuwa anashinda, na anayeshinda haulizwi.

Karata zilikuwa zinampa, kubeti kunamnyang'anya. Farasi, mechi za soka la Kimarekani, gofu, kila kitu aliwekea fedha, na huko kumbukumbu haisaidii. Wenye mikeka wananielewa. Ndoa yake na Madeline ilivunjika mwaka 1986, wakiwa na binti, Stefanie. Mwaka 1989 Richie, mtoto wa Madeline ambaye Ungar alikuwa amemchukua kuwa wake, alijiua. Mwaka uliofuata ndio ule wa kiti kitupu.

Kisha akapotea. Miaka saba hivi watu wakamsahau. Mwaka 1997 akaibuka hana hata nauli. Dakika za mwisho kabla ya mashindano, rafiki yake Billy Baxter akamlipia kiingilio cha dola 10,000. Siku ya kwanza alikuwa hajalala zaidi ya saa 24, akawa anasinzia mezani, hadi Baxter na Mike Sexton wakawa wanamtia moyo avumilie hadi usiku. Alivaa miwani ya duara yenye vioo vya bluu kuficha pua, kwa sababu kokeini ilikuwa imeshailia mpaka ikabonyea. Mfukoni alikuwa na picha ya Stefanie.

Akalala, akaamka, akarudi Ungar wa zamani. Wachezaji 312 walianza, na mezani pa mwisho, palipowekwa nje kabisa kwenye mtaa wa Fremont, akammaliza John Strzemp na kubeba dola milioni 1. Taji la tatu, miaka 16 baada ya la pili. Johnny Moss naye ana matatu, lakini la kwanza alipewa kwa kura za wenzake. Ungar yote aliyapigania.

Nusu ya fedha ilikuwa ya Baxter. Nusu yake haikumaliza miezi mingi, iliondoka kwa kokeini na kubeti. Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena ili akatetee taji. Zikiwa zimebaki dakika 10 hivi, Ungar akasema amechoka, hachezi.

Novemba 22, 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha Oasis, moteli ya bei chee Las Vegas, akiwa na dola 800 hivi. Alikuwa na miaka 45. Mwilini walikuta kokeini, methadoni, ambayo hapa kwetu waraibu wa heroini huinywa kliniki kama ile ya Muhimbili, pamoja na Percodan, kidonge cha maumivu cha kuandikiwa na daktari. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kingi kiasi cha kumuua. Moyo ndio uliosimama, mishipa yake ikiwa imeshachoka kwa miaka ya maisha yale.

Inakadiriwa alishinda dola milioni 30 kwa karata. Hakuacha nyumba wala akiba. Siku ya mazishi aliyepitisha mchango kulipia gharama alikuwa Bob Stupak, yule yule aliyeliwa dola 100,000 mwaka 1977.