Waruhiu Itote: Askari wa Burma aliyerejea uraiani mara mbili

Kila inapozungumzwa historia ya vita vya Mau Mau nchini Kenya, jina la Jenerali China hutajwa pamoja na majina ya Dedan Kimathi na Stanley Mathenge. Lisilotajwa sana ni kwamba kabla ya kuwa jenerali wa msituni, Waruhiu Itote alikuwa koplo katika jeshi la Uingereza, na kwamba katika uhai wake alilazimika kuanza upya maisha ya uraiani mara mbili.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Nyeri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi wa Afrika Mashariki walilifahamu kwa jina la keya. Alipelekwa Ceylon, kisha Burma kupigana na Wajapani, katika vita vilivyowakutanisha pia vijana wa Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Huko alizungumza na askari wa Uingereza, askari weusi wa Marekani na raia wa India waliokuwa wakidai uhuru, akaanza kujiuliza alikuwa akiipigania nchi ya nani.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, swali hilo alirudi nalo nyumbani. Askari wazungu waliotoka katika vita hivyo hivyo walisaidiwa na serikali ya kikoloni kupata mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliyevuliwa sare alirudi kwenye sheria ya kipande na ujira mdogo. Itote alipata kazi katika shirika la reli, akitia moto kwenye injini za garimoshi. Alijiunga na chama cha Kenya African Union, akakaribiana na kundi la vijana wa Nairobi lililojulikana kama Anake a Forty, na mwaka 1950 akala kiapo.

Mwaka 1952 aliingia katika msitu wa Mlima Kenya na kuwa kamanda wa wapiganaji wa huko. Mbinu za kuvizia, kujificha na kuishi porini alizofundishwa Burma, sasa alizitumia dhidi ya wale waliomfundisha.

Januari 1954 alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Alihukumiwa kunyongwa, lakini adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo baada ya kukubali kushiriki katika mazungumzo ya kuwataka wenzake wasalimishe silaha. Mazungumzo hayo yalivunjika, na uamuzi wake ukawagawa wapiganaji: wapo waliouona kuwa njia ya kuokoa maisha ya watu, na wapo waliouona kuwa usaliti. Lawama hiyo ilimwandama kwa miaka mingi.

Alifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Kenya, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimsaidia kujifunza Kiingereza. Aliachiwa huru mwaka 1962.

Safari hii alirejea katika nchi iliyokaribia uhuru, na mlango ulifunguliwa. Alipewa wadhifa katika uongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Tanganyika kuunda Jeshi la Kujenga Taifa. Huko nidhamu ya kijeshi ilielekezwa kwenye ujenzi wa barabara, kilimo na mafunzo ya ufundi kwa vijana wasio na ajira. Mwaka 1967 alichapisha kumbukumbu zake za vita.

Wenzake wengi hawakupata bahati hiyo. Wapiganaji waliotoka msituni baada ya uhuru wa Desemba 1963 walikuta ardhi waliyoipigania ikigawiwa kwa mikopo na malipo, na asiye na fedha za kuanzia alibaki mtazamaji. Waliokuwa wamekaa miaka mingi msituni au kizuizini hawakuwa na akiba wala vyeti vya shule.

Itote alifariki dunia mwaka 1993, akiwa mtumishi wa umma mstaafu anayeheshimika. Hata hivyo, siku anazikwa, sheria ya kikoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950 ilikuwa bado haijafutwa. Ilifutwa mwaka 2003, miaka 10 baada ya kifo chake, na ndipo wapiganaji waliosalia, wengi wao wakiwa wazee, walipoweza kukutana na kuunda chama chao bila kuvunja sheria.