Burt Munro

Herbert James Munro, anayejulikana zaidi kwa jina la Burt Munro (Invercargill, Nyuzilandi, 25 Machi 1899 – 6 Januari 1978), alikuwa fundi na mwendesha pikipiki wa mashindano. Anakumbukwa kwa kuchukua pikipiki ya kawaida ya mwaka 1920 na kuijenga upya injini yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa fedha kidogo, hadi ikaweka rekodi za dunia za kasi.

Maisha

Munro alikulia shambani, kusini kabisa mwa Nyuzilandi. Tangu ujana alipenda mwendo wa kasi kuliko kazi za kilimo. Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout, iliyotengenezwa Marekani. Ilikuwa na injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 600. Kasi yake ya juu ilikuwa takriban kilomita 89 kwa saa.

Mwaka 1926 alianza kuibadilisha. Mwaka uliofuata alioa, na wakajaliwa watoto wanne. Kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kuuza na kutengeneza pikipiki. Mara nyingi alifanya kazi ya injini yake usiku kucha, kisha asubuhi akaenda kazini. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1947. Baadaye aliacha ajira, akaishi katika karakana yake na kutumia muda wake wote kwa pikipiki zake mbili, ile Indian na Velocette ya mwaka 1936.

Ujenzi wa injini

Injini hupata nguvu zaidi ikiweza kuvuta hewa na mafuta mengi zaidi, kuyabana zaidi kabla ya kuyachoma, na kuzunguka haraka zaidi bila kuvunjika. Munro alishughulikia mambo yote matatu.

Kwanza aliongeza ujazo. Kutoka 600 alifikia 850, na mwishowe 950. Pili, alibadilisha mpangilio wa valvu. Katika injini ya awali valvu zilikuwa pembeni mwa silinda, hivyo hewa ililazimika kupinda njiani, na chumba cha kuchomea mafuta kilikuwa kipana mno kuweza kubana vizuri. Munro alitengeneza vichwa vipya vya silinda vyenye valvu za juu, ili hewa iingie na kutoka kwa urahisi.

Jambo la tatu, yaani uimara, ndilo lililomsumbua zaidi. Vipuri vya kiwandani havikuundwa kuhimili nguvu hizo, na yeye hakuwa na uwezo wa kuagiza vya mashindano. Kwa hiyo alivitengeneza. Aliyeyusha vyuma chakavu na kusubu pistoni ndani ya makopo ya zamani. Silinda alizipata kutoka mabomba ya chuma yaliyokuwa yakipitisha gesi. Mikono ya pistoni aliichonga kutoka ekseli ya trekta. Hata baadhi ya vipimo vyake vilikuwa vya kujitengenezea: kimoja kilitokana na spoku ya gurudumu.

Kazi hii ilikuwa ya kujaribu na kukosea. Pistoni zilitoboka, na mikono ya pistoni ilikatika injini ikiwa katika kasi kubwa, jambo linaloweza kuharibu kazi ya miezi mingi kwa sekunde moja. Vipuri vilivyoharibika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu, akaandika hapo kwamba ni sadaka kwa mungu wa kasi.

Rekodi

Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya Nyuzilandi, na baadaye nyingine saba. Kisha akaanza kusafiri hadi uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani, ambako ardhi ni tambarare kwa kilomita nyingi. Alikwenda huko mara kumi. Safari ya kwanza ilikuwa ya kutazama tu. Pikipiki ilivikwa gamba lililochongoka ili kupunguza ukinzani wa hewa.

Mwaka 1962 alifikia kilomita 288 kwa saa, rekodi ya dunia katika daraja lake. Mwaka 1966 aliweka rekodi nyingine. Tarehe 26 Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68 na mwenye ugonjwa wa moyo, aliweka rekodi ya kilomita 295.453 kwa saa katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1000. Injini ile ile ilikuwa na miaka 47, na mwendo wake ulikuwa umezidi mara tatu ule wa awali. Katika safari ya kufuzu, ya upande mmoja, alipimwa kilomita 305.89 kwa saa.

Urithi

Munro alifariki mjini Invercargill akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka 2005 ilitoka filamu kuhusu maisha yake, The World's Fastest Indian, iliyoongozwa na Roger Donaldson, ambamo Anthony Hopkins aliigiza nafasi yake. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe aligundua kosa la hesabu katika rekodi ya 1967. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kiliisahihisha kuwa kilomita 296.259 kwa saa.